Mlinzi Ana Lafudhi, Tajiri Hana Kabila

Familia yenye mali katika Maria, tamthilia iliyowakalisha Wakenya mbele ya Citizen TV kuanzia 2019, iliitwa Hausa. Baba ni William Hausa, mwana ni Luwi Hausa. Wahausa wako Nigeria na Niger. Hapa Kenya jina hilo halina kijiji, halina kaunti, halina mgombea ubunge. Mtazamaji wa Siaya, wa Nyeri na wa Kilifi waliitazama nyumba ile kubwa jioni moja, na hakuna kati yao aliyeweza kusema "hawa ni wetu" au "hawa ni wale." Katika nchi ambayo jina la pili la mtu hukuambia babu yake kazikwa wapi, mwandishi anayempa tajiri jina lisilo na kwao amefanya uamuzi, na uamuzi huo unastahili kuchunguzwa.

Hamia sasa kwenye vichekesho. Huko hakuna asiye na kabila. Soja wa lango ni Mluhya, na yaya pia ni Mluhya. Mfanyabiashara mjanja anayekwepa deni ni Mkikuyu. Mwenye majivuno na Kiingereza kirefu ni Mluo. Mganga na majini hutoka Pwani, Mmaasai hubeba rungu, na Msomali, siku akionekana, ana duka au ana siri. "Sh" ikigeuka "s", "b" ikigeuka "p", "r" na "l" zikipishana, basi tumeshajua kazi ya mtu huyo, kipato chake na jinsi kisa chake kitakavyoisha, na hata sentensi ya kwanza hajaimaliza.

Watu wanaosema runinga ya Kenya ina kila mtu hawakosei. Ukihesabu vichwa, makabila yamo, tena yamo tangu zamani kuliko katika nchi nyingi. Lakini hesabu ya vichwa haitufikishi mbali. Runinga yetu imetenganisha vitu viwili ambavyo binadamu huzaliwa navyo pamoja. Vichekesho humpa mhusika kabila vikamnyima utu kamili. Tamthilia za mapenzi humpa utu kamili, yaani tamaa, siri, wivu, haki ya kukosea na kusamehewa, kwa sharti kwamba kabila alivulie mlangoni. Ndiyo maana mtoto wa Kakamega anaweza kukua akiwa amesikia lafudhi ya bibi yake kwenye runinga mamia ya mara, asiisikie hata mara moja ikitamka "nakupenda" bila watu kucheka.

Mpangilio huu una historia, na mahali pazuri pa kuuona ni Vioja Mahakamani. Kipindi hicho kilizaliwa enzi za Sauti ya Kenya, shirika lililogeuka KBC mwaka 1989, wakati nchi nzima ilikuwa na kituo kimoja cha runinga. Jukwaa lake ni mahakama. Juu ameketi hakimu, anayeongea Kiswahili kilichonyooka. Kando amesimama kiongozi wa mashtaka, naye Kiswahili chake kimenyooka. Kizimbani wanapanda kina Makokha, Ondiek Nyuka Kwota, Masanduku arap Simiti, Tamaa bin Tamaa. Majina yenyewe yalitosha kukuonyesha ramani ya nchi. Walikuwa waigizaji hodari sana, na kicheko chao kilitoka ndani kabisa. Ila tazama samani za chumba kile. Dola inakaa juu na haina lafudhi. Mwananchi anasimama chini, lafudhi yake ikiwa sehemu ya shtaka. Kwa miaka mingi watoto wa Kenya walijifunza kwa kipindi hicho, bila mtu kuwafundisha, kwamba mamlaka huongea bila kwao.

Siwalaumu walioanzisha. Kwa kituo kimoja cha serikali, katika taifa lililokuwa bado changa, kuyaweka makabila yote katika chumba kimoja yacheke pamoja ilikuwa kazi ya maana. Na kilele cha kazi hiyo kilikuwa Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi. Wakenya wengi walioishi na Ojwang' sebuleni mwao kwa miongo hawakujua kwamba mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Mkikuyu alimvaa Mluo, akamvaa kwa upendo, na Waluo wakamkubali. Jambo hilo lina uzito kuliko tunavyolipa. Siasa za Kenya tangu miaka ya 1960 zimejengwa juu ya uhasama wa makabila hayo mawili, na hapa palikuwa na mtu aliyefanya kazi ya maisha yake yote kuwa yule mwingine. Mama Kayai wake, Mary Khavere, hakuwa kijakazi wa mzaha wake; alikuwa mke asiyekubali kupitwa, na nusu ya utamu wa Vitimbi ilikuwa kumwona Ojwang' akishindwa kwa hoja nyumbani kwake mwenyewe. Lafudhi ilikuwapo, lakini nyuma yake palikuwa na ndoa.

Hapo ndipo ninapoona tofauti ambayo walioigiza baada yao wengi waliipoteza. Walichukua lafudhi wakaiacha ndoa.

Majirani zetu wa Tanzania wana desturi inayosaidia kulieleza jambo hili: utani wa makabila. Mchaga na Mpare wanaweza kusemana maneno ambayo kwa mwingine yangekuwa ugomvi, na mtani huruhusiwa kufanya mzaha hata msibani. Lakini utani una kanuni, nayo ni kwamba anayetaniwa hujibu. Leo wewe umenisema, kesho zamu yangu. Bila zamu hiyo, mzaha unakuwa masimango. Runinga huchukua kicheko cha utani na kuondoa zamu. Anayeandika skripti yuko Nairobi au Dar es Salaam, anayeigizwa yuko kwao, hana kipindi cha kujibu. Vichekesho vya Bongo vinavyomleta Msukuma mjini ili ashangae ghorofa vina kasoro ileile, hata kama nchi hiyo haina vidonda vya siasa za kikabila kama vya Kenya.

Na Kenya vidonda hivyo ni vibichi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Waki iliandika kwamba watu 1,133 waliuawa. Vijana waliweka vizuizi barabarani, wakawashusha watu kwenye magari, wakadai vitambulisho ili wasome majina. Asiye na kitambulisho aliulizwa maswali, na jinsi alivyotamka jibu ilitosha. Sisemi kwamba vichekesho viliua mtu. Kusema hivyo kungekuwa kuwadhulumu wasanii waliotuunganisha kuliko wanasiasa wowote. Nasema kwamba sikio letu limefunzwa kwa miaka mingi kumpima mtu kwa konsonanti zake, na sikio haliwezi kuacha ujuzi huo studioni likitoka kwenda barabarani.

Baada ya damu hiyo, woga uliwaingia watayarishaji, na ulikuwa woga wa haki. Mwaka 2009 Citizen TV ilionyesha The Team, tamthilia ya timu ya soka iitwayo Imani FC, iliyotungwa makusudi kwa ajili ya maridhiano. Ilikuwa kazi njema yenye nia iliyo wazi. Lakini waandishi wengine waliokuja baadaye walichagua njia rahisi zaidi: kufuta. Tazama majina ya tamthilia zetu kubwa za miaka ya karibuni: Selina, Maria, Zora, Kina, Sultana. Jina moja, basi. Hakuna Selina binti wa fulani. Hata Shuga ya MTV, iliyoanza Nairobi mwaka huohuo wa 2009 na kumpa Lupita Nyong'o nafasi ya Ayira, ilijaa vijana wenye majina kama Leo, Ty na Angelo ambao ungeweza kuwahamishia mji wowote wa Afrika bila kubadilisha hata sentensi moja.

Kufuta kabila kunaonekana kama usawa. Ukitazama kwa karibu, si usawa. Aliyefutiwa ni tajiri na mpenzi. Soja wa lango la tajiri huyohuyo bado ana lafudhi. Yaya bado ana lafudhi. Kwa hiyo kabila halikuondoka kwenye skrini. Limeshushwa daraja, likawa alama ya umaskini. Ujumbe anaopata mtazamaji ni kwamba mtu akipanda ngazi hupoteza kwao, na ambaye bado ana kwao hajapanda.

Ubaya si lafudhi, na vipindi viwili vinalithibitisha hilo kuliko hoja yoyote ninayoweza kuitunga.

Cha kwanza ni Papa Shirandula. Charles Bukeko, aliyefariki tarehe 18 Julai 2020, alikuwa Mluhya wa Busia akiigiza soja wa Kiluhya, yaani mfano halisi wa lile ninalolilalamikia. Lakini kisa chake kilijengwa juu ya aibu. Papa alimficha mkewe Wilbroda kazi anayoifanya. Fikiria maana yake. Mamia kwa maelfu ya wanaume wa nchi hii hukaa langoni usiku kucha wakilinda mali ambayo hawataimiliki, na wengi wao hawawaambii watu wa nyumbani kazi yao ilivyo. Bukeko alicheza uongo huo kwa mwili wake mkubwa, kwa macho yanayozunguka mlango ukibishwa, kwa kutafuta maneno haraka. Watu walicheka, na ndani ya kicheko hicho palikuwa na mume anayetaka kuheshimiwa na mkewe. Alipokufa, magazeti yaliandika kwamba Papa Shirandula amefariki. Nchi iliomboleza soja. Hilo halikuletwa na lafudhi; lililetwa na ile siri.

Cha pili ni Auntie Boss! cha NTV, na hiki nakipenda zaidi. Yaya wa runinga ya Kenya kabla yake alikuwa mtu wa kufungua mlango, kuvunja sahani na kusikiliza maneno yasiyomhusu. Auntie Boss! kilifanya jambo moja dogo lenye matokeo makubwa: mwajiri akienda kazini, kamera ilibaki. Tukaketi na wasichana wa kazi wa mtaa mmoja, wakisemana, wakipanga njama, wakiwapima mabosi wao kwa kipimo ambacho mabosi hawakijui. Nyce Wanjeri, kama Shiru, aliongea kwa lafudhi nzito ya Kikuyu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mwaka 2018 akatunukiwa tuzo ya AMVCA ya mwigizaji bora wa kike katika vichekesho mbele ya Afrika nzima. Watazamaji wa Lagos hawakuijua lafudhi hiyo inatoka mlima gani. Walimwona mwanamke mwenye akili anayetafuta njia. Eve D'Souza, aliyekibuni kipindi, aliigiza mwenyewe Varshita, mwajiri wa Kihindi, na hapo tena palizibwa pengo la miaka mingi. Wahindi wa Kenya walitangazwa kabila la 44 la nchi hii Julai 2017, nao wako hapa tangu kabla ya reli, lakini ukitafuta Mhindi katika tamthilia zetu asiye mwenye duka anayefokea wafanyakazi, utatafuta sana.

Pwani nayo imepata kitu, na ni haki kukisema. Rashid Abdalla na Lulu Hassan, mume na mke tuliowazoea wakisoma taarifa ya habari ya Kiswahili, kupitia kampuni yao ya Jiffy Pictures walileta Maria, kisha Zora, kisha Sultana. Kwa mara ya kwanza kwa kiwango hicho, Kiswahili cha watu wa Pwani kilikuwa lugha ya wapenzi, ya mama mkwe mwenye hila, ya tajiri anayepanga dhuluma. Zamani kilikuwa lugha ya uvivu na majini. Msichana wa Likoni aliyezoea kuchekwa Nairobi kwa kuvuta maneno aliona maneno hayohayo yakivutwa na shujaa wa saa moja na nusu usiku.

Sultana, iliyoanza 2022, ilikwenda hatua nyingine: shujaa wake haoni. Katika hadithi zetu kipofu kwa kawaida ni ombaomba, au ni nabii, au ni mtu wa kuponywa kanisani kabla kipindi hakijaisha. Sultana alipendwa, alionewa wivu, alikasirika. Mwanaasha Johari aliifanya kazi hiyo kwa bidii, na simwondolei sifa. Lakini Mwanaasha anaona. Swali ambalo stesheni na kampuni za utayarishaji hazijalijibu ni kwa nini mwigizaji asiyeona hakupewa nafasi hiyo, au hata nafasi ya rafiki yake. Mwigizaji asiyeona asingehitaji kufundishwa jinsi kidole kinavyotafuta ukingo wa meza, wala jinsi mtu anavyogeuza sikio badala ya uso anapoitwa. Tukiendelea hivi, ulemavu utakuwa vazi linalovaliwa asubuhi na kuvuliwa jioni, na wenye nao watabaki kuwa watazamaji wa maisha yao wenyewe.

Kuna waliofanikiwa kuyaunganisha yale mawili niliyosema yametenganishwa? Country Queen, tamthilia ya kwanza ya Kenya kutolewa na Netflix kama kazi yake halisi, Julai 2022, ilifika karibu kuliko nyingine. Shujaa wake ni Akisa Musyoka, aliyeigizwa na Melissa Kiplagat. Ana jina la pili, na jina hilo lina kwao. Anaishi Nairobi kwa kazi ya kupanga hafla, ana mapenzi yenye utata, ana kosa la zamani linalomfuata, na akirudi kijijini kwao anaongea Kikamba na watu wake, kampuni ya dhahabu ikitaka kuinyakua ardhi yao. Kikamba hapo hakichekeshi. Ni lugha ambayo mama na baba wanaugulia, wanagombea mashamba na kulaumiana. Katika vichekesho vyetu Mkamba ni mtu wa uchawi na mahaba. Hapa ni mwanamke ambaye hajui kama arudi kwao au aondoke milele. Na wala hakuna mtazamaji wa Eldoret aliyezima runinga kwa sababu Akisa si wa kwao. Woga kwamba kabila likitajwa kwa heshima watazamaji wa makabila mengine watakimbia umekosa ushahidi.

Wasomali wa Kenya bado wanangoja. Sensa ya 2019 iliwahesabu karibu milioni 2.8, kabila la sita kwa ukubwa, mbele ya Wakisii na Wamijikenda. Wanaendesha biashara za Eastleigh, wanahudumu bungeni, wanafundisha vyuoni, wanafuga ngamia. Filamu fupi Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018, iliwapa heshima kubwa kwa kusimulia shambulio la basi huko Mandera mwaka 2015, pale Waislamu walipokataa kuwatenga abiria Wakristo, tukio ambalo mwalimu Salah Farah alilipia kwa maisha yake. Ni filamu ninayoiheshimu. Lakini hata shujaa wa Kisomali tunampata risasi zikilia. Lini tutamwona Mkenya wa Kisomali katika tamthilia akichelewa kazini, akigombana na shemeji, akishindwa kuamua aolewe na nani?

Najua jibu la watayarishaji, nalo lina ukweli ndani yake. Kipindi cha nusu saa, ukitoa matangazo, hakikupi nafasi ya kumjenga mtu polepole. Pesa ni chache, skripti huandikwa wiki kwa wiki, na lafudhi humtambulisha mhusika kwa sekunde tatu bila gharama yoyote. Mwigizaji akijulikana kwa lafudhi hiyo, kazi inayofuata atakayoitiwa ni ya lafudhi hiyo, naye ana kodi ya nyumba ya kulipa. Mamlaka ya Mawasiliano inavitaka vituo vitoe angalau asilimia 40 ya muda wao kwa vipindi vya nyumbani, na kanuni hiyo imewapa wasanii wengi riziki. Ila kanuni hupima saa. Haipimi nani anaongea katika saa hizo, anaongea akiwa nani, na anaruhusiwa kutaka nini.

Kipimo hicho hakihitaji sheria mpya wala fedha. Namwomba kila mkuu wa vipindi, skripti inayofuata ikifika mezani, aandike wahusika wote kwenye karatasi moja, afunike majina, abakishe safu mbili tu: lafudhi na kazi. Kama anaweza kuikisia moja kwa kuitazama nyingine, airudishe kwa mwandishi. Mpe daktari wa upasuaji lafudhi ya Kikisii na umwache aokoe mgonjwa. Mpe tajiri jina la ukoo ambalo mtu anaweza kulitafuta kijijini akalipata. Mpe soja wa lango mpango wa maisha ambao bosi wake haujui. Tangaza nafasi ya mhusika asiyeona katika shule na vyama vya wasioona kabla ya kuitangaza kwingine. Nawe mtazamaji, kipindi kikikukera kwa kumrudia yaya yuleyule, waandikie kituo, maana hesabu ya watazamaji ndiyo lugha wanayoisikia haraka. Bukeko, Wanjau na Wanjeri walikwisha kuonyesha kwamba Wakenya humfuata mhusika yeyote, wa kabila lolote, mradi wamepewa mtu mzima wa kumfuata.